Nyumba Inalipwa, Riziki Hailipwi

Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, limeanza kubadilika sura. Mkopo wa dola milioni 200 ulioidhinishwa na Benki ya Dunia Septemba 2022 ndio unaobeba sehemu kubwa ya gharama: kuchimba na kupanua mto, kuinua Barabara ya Morogoro pale Jangwani kwa daraja jipya, na kugeuza sehemu kubwa ya bonde kuwa bustani ya jiji. Nyumba zilizokuwa zimesongamana humo zimefanyiwa tathmini, wenye nyumba wakalipwa, matingatinga yakaingia. Mimi siupingi mradi huu. Mji ambao barabara yake kuu hufungwa kila mvua kubwa inaponyesha, mabasi ya mwendokasi yakikatisha safari na wagonjwa wa Muhimbili wakizungushwa, hauna budi kulitafutia bonde hili dawa.

Ninachotaka kukisema kinahusu hesabu tunayoitumia kumhamisha mtu. Hesabu hiyo inajua thamani ya tofali, bati na mnazi. Haijui mtu huyo alikuwa anapataje chakula cha siku wala anachukulia wapi dawa zake. Matokeo yake, kila tunapouboresha mji wetu tunawachukua watu waliokuwa maskini lakini wanajimudu, tunawageuza maskini wasiojimudu, halafu tunawashangaa wakirudi kulekule tulikowatoa.

Tulishaliona hili. Desemba 2011 ilinyesha mvua ambayo Dar es Salaam haikuwa imeiona tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa na maelfu wakakosa mahali pa kulala. Wiki chache baadaye serikali iliwapeleka waathirika wa mabondeni Mabwepande, upande wa Bunju, zaidi ya kilomita 30 kutoka Jangwani. Walipewa viwanja, wakaanza maisha kwenye mahema. Kwa usalama wa roho zao uamuzi ule ulikuwa sahihi, kwani Mabwepande hakuna mto unaoingia chumbani usiku. Lakini haukupita muda tukaanza kusikia kwamba baadhi wameuza viwanja na kurudi mjini, wengine bondeni kabisa. Viongozi wengi walisema ni ukaidi, au ni tamaa ya kutaka kupewa mara mbili. Wenye tamaa wapo, siwezi kukataa. Ila tamaa peke yake haimrudishi mtu mzima na watoto wake kwenye maji yaliyomuulia jirani. Kuna kitu alikifuata.

Kitu hicho ukitaka kukiona, mtazame mama lishe wa Jangwani siku ya kawaida kabla hajahamishwa. Anaamka saa kumi alfajiri, anakwenda Kariakoo kwa miguu kununua nyanya, vitunguu na nazi. Mchele anao tayari, amechukua dukani kwa Mangi kwa kuandikwa kwenye daftari, atalipa jioni. Kabla ya saa saba mchana sufuria zimeiva na wateja wamefika: mafundi wa gereji, wasukuma mikokoteni, wabeba mizigo wanaotoka sokoni. Watoto wakitoka shule wanapitia hapohapo wanakula, wanaachiwa kwa jirani. Jioni anarudi kwake, ambako ni hatua chache tu, anakaanga vitumbua vya kuuza barazani. Jumamosi ana mchezo wa upatu na wenzake kumi na mbili, na zamu yake ya kupokea inakuja mwezi ujao, amekwisha kuipangia ada ya shule.

Chukua mfano kwamba katika siku nzuri anabakiwa na faida ya shilingi 12,000. Sasa mpeleke Mabwepande. Akitaka kuendelea na biashara ileile mahali palepale, apande magari mawili au matatu kwenda na idadi hiyohiyo kurudi, alipie na mzigo, atoke nyumbani usiku wa saa tisa. Theluthi ya faida, pengine nusu, inaishia kwa konda. Watoto anawaacha na nani? Akiamua kupika hukohuko Mabwepande, atamuuzia nani, wakati majirani zake wote wamefika jana na mfuko mtupu kama yeye, na wenye kibarua wamekwenda kukitafuta mjini? Duka la kukopa mchele halipo, kwa sababu hakuna Mangi anayemjua. Mchezo wa upatu umekufa kabla zamu yake haijafika, maana wenzake mmoja yuko Mbagala, mwingine Gongo la Mboto, wengine hawajulikani walipo. Fedha ile hairudi.

Hivi vyote ni mali. Ni mtaji alioujenga kwa miaka, na katika fomu ya tathmini hauna mstari.

Anayeona nazidisha alikumbuke jengo la Machinga Complex pale Ilala. Lilijengwa kwa nia njema, la ghorofa, lenye nafasi ya maelfu ya wafanyabiashara wadogo. Likakaa miaka na vizimba vitupu, na machinga wakarudi barabarani, kwa kuwa mteja hapandi ghorofa kufuata soksi za shilingi elfu. Mahali ndiyo nusu ya biashara ya mtu mdogo. Mwenye duka kubwa anaweza kutangaza, akasafirisha, akamsubiri mteja mwezi mzima. Mtu wa kula leo kwa leo hawezi.

Sheria zetu zenyewe si mbaya zikisomwa. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kanuni zake za 2001 zinataja vipengele kimoja kimoja: thamani ya soko ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya miezi 36, hasara ya faida ya biashara ya miezi 36, na gharama ya kusafirisha mizigo. Mtu akisikia hivyo anaona kila kitu kimefikiriwa. Shida inaanza ukisogea karibu. Faida ya biashara inatakiwa ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapobidi. Mama lishe yupi ana mkaguzi wa hesabu? Na ile gharama ya usafiri imepigwa kwa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Maana yake aliyeandika kanuni hakuwaza kwamba siku moja mtu atatolewa Jangwani akashushwa Mabwepande. Umbali wa kuhama umewekewa mpaka kwenye hesabu ya lori, lakini nauli ya kila siku ya huyo aliyehamishwa, mwaka baada ya mwaka, haimo kabisa.

Halafu kuna mpangaji. Hapa ndipo panaponiumiza zaidi, kwa sababu nyumba za mabondeni na za uswahilini kwa jumla ni za vyumba: mwenye nyumba anakaa na familia yake upande mmoja, vyumba vinavyobaki amepangisha. Nyumba moja inaweza kuwa na kaya tano au sita. Mthamini anapofika anaandika jina la mmiliki mmoja. Posho ya makazi ya miezi 36 inakwenda kwake, pamoja na fedha ya jengo. Mpangaji anapata taarifa ya mdomo kwamba ahame. Pengine alikwisha kulipa kodi ya miezi sita na ametumia miwili, na mwenye nyumba aliyekwisha kuila hana cha kurudisha. Huko anakokwenda anadaiwa tena kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali anataka ya mwezi mmoja. Mtu wa kipato cha siku anazitoa wapi fedha hizo ndani ya wiki mbili? Anauza kitanda, anauza friji iliyokuwa ikimpatia barafu za kuuza, anawapeleka watoto kijijini kwa bibi katikati ya muhula. Ndiyo maana bomoabomoa moja inazaa vibanda vipya kwenye bonde jingine. Wanaovijenga mara nyingi ni hao ambao hawakuandikwa popote.

Haki ya mhamishwaji pia imekuwa ikitegemea fedha inatoka mfuko gani. Desemba 2015 nyumba za bonde hilihili la Msimbazi, Magomeni Suna na Mkwajuni zikiwemo, zilipigwa X nyekundu na kubomolewa bila malipo, kwa hoja kwamba ni eneo hatarishi na waliomo walikwisha kupewa viwanja. Miaka saba baadaye, katika bonde hilohilo na kwa hatari ileile, wenye nyumba walithaminiwa na kulipwa. Kilichobadilika ni mkopeshaji. Masharti ya Benki ya Dunia yanataka anayehamishwa asaidiwe kurudisha kipato chake, na yanamtambua hata yule asiye na hati, pamoja na mpangaji. Nafurahi kwamba masharti hayo yapo. Lakini inanisononesha kwamba mkazi wa Dar es Salaam awe na haki nyingi zaidi bonde linapojengwa kwa mkopo kuliko linaposafishwa kwa bajeti yetu wenyewe. Kimara mpaka Kiluvya, mwaka 2017, zaidi ya nyumba elfu moja zilivunjwa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro bila fidia, kwa maelezo kwamba zimo ndani ya hifadhi ya barabara. Watu waliokuwa na maduka, saluni na nyumba za kupangisha kando ya barabara ile waliamka hawana kitu.

Nije kwenye afya, ambayo katika mijadala yetu haiguswi kabisa, utadhani kuhamishwa ni jambo la mizigo tu.

Mgonjwa wa kifua kikuu anameza dawa miezi sita bila kukatisha. Ana kituo chake, ana kadi, ana mtu anayemsimamia, mara nyingi ndugu au jirani. Mvunjie nyumba katika mwezi wa tatu. Msimamizi wake ametawanyika, kituo kiko mbali kwa nauli ambayo hana, cha huku alikohamia hakina faili lake. Akikatisha dawa ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu, na hapo si yeye peke yake aliye hatarini, ni chumba kizima alimopanga. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI ana shida hiyohiyo na nyingine juu yake: alikwisha kuzoea kituo ambacho hakuna anayemshangaa, sasa aanze upya mahali ambapo hajui nani atamwona kwenye foleni. Mwenye sukari anayejidunga insulini alikuwa akiihifadhi kwenye friji ya jirani. Mjamzito ana kadi ya kliniki ya Mwananyamala, uchungu unamkuta mahali ambapo bodaboda haifiki usiku. Mabwepande ilikuja kujengewa hospitali ya wilaya, jambo la kushukuru, ila ni miaka mingi baada ya watu kufikishwa.

Lipo na tumbo. Familia inapopungukiwa, inaanza kupunguza mboga, kisha inaruka mlo. Wa kwanza kunyimwa ni mama, na mtoto anayeachishwa ziwa hufuata. Hakuna daktari atakayeandika kwenye cheti kwamba utapiamlo huu umesababishwa na nauli.

Na madhara hayasubiri tingatinga. Yanaanza siku X inapochorwa ukutani, au siku mwenyekiti wa mtaa anapotangaza kwamba eneo litachukuliwa. Kuanzia hapo hakuna anayekarabati paa wala choo, wapangaji wanaanza kuondoka, benki haikopeshi kwa nyumba hiyo, na mzee mwenye nyumba analala anawaza. Wakazi wa Kipunguni waliambiwa 1997 kwamba watapisha upanuzi wa uwanja wa ndege, na mwaka 2020 walikuwa bado wanasubiri fidia. Mtu aliyekuwa na miaka 40 alipozuiwa kuongeza chumba alifika 63 akiwa na nyumba ileile, choo kilekile, na presha. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa, na kwamba uthamini ukipita miaka miwili bila malipo unakufa. Ni sheria nzuri. Ningependa kuona afisa mmoja akiwajibishwa kwa kuivunja.

Upande wa akili na moyo tunaudharau, lakini wenzetu waliupima zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 jiji la Boston, Marekani, lilivunja mtaa wa West End, wa familia za wahamiaji, kundi kubwa zaidi likiwa la wenye asili ya Italia, likiuita mtaa mchafu uliochakaa. Mwanasaikolojia Marc Fried aliwafuata waliohamishwa, na matokeo aliyoyachapisha 1963 yalionyesha kwamba asilimia 46 ya wanawake walikuwa na huzuni nzito, ya kiwango cha mtu aliyefiwa, na wengine hali hiyo iliendelea hata baada ya miaka miwili. Wengi wao walikuwa wamepata nyumba nyingine. Walichokipoteza ni baraza, watu wa kuwasalimu, duka la kona, jamaa wa kuitwa usiku. Sisi watu wa pwani, ambao msiba, harusi na ugonjwa vyote hubebwa na mtaa, ndio tuliopaswa kuujua uzito huo kabla ya mtafiti yeyote.

Nitaambiwa kwamba bonde nalo linaua. Ni kweli, na sitalipamba. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam Agosti 2015 kikasambaa nchini kilikolea kwenye mitaa ya namna hii, vyoo vikifurika na visima vikichanganyika na maji taka. Mtoto anayelelewa bondeni anakohoa, anaharisha, anaumwa malaria kuliko wa Mbezi. Kuwaacha watu humo kwa jina la kulinda riziki zao ni kuwatelekeza. Tofauti yangu na wanaosema “waondoke tu” ni kwamba hatari ya bonde haijawahi kuwa siri ya wanyonge peke yao. Mpango mkuu wa jiji wa 1979 ulilitaja kuwa hatarishi, na bado serikali yenyewe ilijenga pale Jangwani karakana ya mabasi ya mwendokasi, ambayo maji yaliiingia mara kwa mara na mabasi yakaharibika. Kama taasisi yenye wahandisi ilivutwa na ukaribu wa Kariakoo, muuza mihogo tunamlaumu kwa lipi?

Mifano ya kufanya vizuri zaidi tunayo humuhumu. Wakazi wa Kurasini walipohamishwa kupisha bandari miaka ya 2000, kundi mojawapo, wenye nyumba pamoja na wapangaji, lilikuwa limeanza kuweka akiba kupitia Shirikisho la Watu Maskini Mijini. Walinunua ekari 30 Chamazi, wakajenga kwa matofali waliyofyatua wenyewe. Chamazi ni mbali, na nauli ilibaki kuwa kero. Lakini walihama wakiwa kundi, wakijuana, na akiba yao na mikopo yao ya kikundi ikahama nao. Upatu haukufa. Wapangaji walipata nafasi ya kuwa na kwao, kitu ambacho fidia ya kawaida isingewapa kamwe.

Mfano wa pili ni Magomeni Kota. Kaya 644 zilizokuwa zikiishi kwenye nyumba za umma ziliondolewa mwanzoni mwa muongo uliopita kupisha ujenzi, wakatawanyika, na kwa miaka pakabaki uwanja mtupu wenye majani. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliamua wajengewe hapohapo, na Machi 2022 Rais Samia akazindua nyumba 656. Miaka kumi ya kungoja ni mingi mno, hasa kwa mzee, na yale niliyoyasema kuhusu wagonjwa na watoto wa shule yaliwakuta wao pia. Lakini walirudi Magomeni, palepale penye Kariakoo ya kutembea kwa miguu, na hawakuwa wamiliki wa viwanja. Walikuwa wakazi wa nyumba za umma. Kilichowaokoa ni orodha: majina 644 yaliyojulikana, ambayo wenyewe waliyashikilia na kuyapeleka ofisi baada ya ofisi bila kuchoka.

Orodha kama hiyo inawezekana kila mahali, na haihitaji mkopo wa nje. Mjumbe wa shina anawajua wapangaji wake kwa majina. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anawajua wagonjwa wa kifua kikuu na wajawazito wa mtaa wake, na siri zao anazitunza. Mwalimu mkuu anawajua watoto wa darasa la saba ambao wakihamishwa Julai watafanya mtihani Septemba wakiwa wageni. Mtendaji wa kata akikaa na watu hawa watatu kabla ya mthamini hajashika kalamu, atajua nani apewe barua ya rufaa na dawa za miezi mitatu mkononi, nani asiguswe mpaka shule zifungwe, nani arudishiwe kodi aliyokwisha kulipa kwa kukatwa kwenye fidia ya mwenye nyumba. Kipengele cha hasara ya biashara kinaweza kukubali ushahidi wa mashahidi wa soko na daftari la mkopo, pasipo mkaguzi. Nauli ya mwaka wa kwanza inaweza kuingizwa kwenye posho ya usumbufu kwa mstari mmoja wa kanuni.

Na kwa Msimbazi bado kuna nafasi. Mpango wa bonde una maeneo yatakayoinuliwa kwa udongo kandokando ya bustani ili yajengwe majengo ya makazi na biashara. Bustani yenyewe itahitaji wauza maji, wauza kahawa, mama lishe, walinzi, watunza miti. Zabuni hizo na vizimba hivyo vikianza kugawiwa, halmashauri za Kinondoni na Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa Ilala, zina majina ya walioondoka Jangwani katika daftari la fidia, na wapangaji wao wanaweza kutafutwa kupitia wenye nyumba wao, ambao namba zao za simu bado zipo kwenye mafaili.